Kompaila Inapomeza Kumbukumbu: Itafute Fankisheni Moja

GCC, kompaila ya C na C++, ikikatika katikati ya kazi na kukuambia kwamba cc1plus (sehemu yake inayokompaili C++) imeuawa, mara nyingi aliyeiua ni kerneli ya Linux: kumbukumbu ya mashine iliisha, nayo ikaiondoa programu iliyokuwa inakula kuliko zote. Wengi hukimbilia kuongeza RAM, au kupunguza namba ya make -j, yaani idadi ya kazi zinazokwenda kwa pamoja. Kupunguza namba hiyo kunasaidia pale kazi nyingi zinapogombania mashine moja. Lakini faili moja ikila gigabaiti 20 peke yake, RAM mpya inaahirisha tatizo tu.

Mimi huanza na kipimo cha kilele cha kumbukumbu: /usr/bin/time -v, mstari wa "Maximum resident set size". Naikompaili faili hiyo kwa -O0 (bila uboreshaji), kisha kwa -O2 (pamoja na uboreshaji). Kilele kikiwa kikubwa tangu -O0, natazama templeti za C++ au majedwali makubwa ya data. Kikipanda kwenye -O2 peke yake, basi ni hatua za uboreshaji, na hapo karibu kila mara mhusika ni fankisheni moja ndefu mno, tena iliyoandikwa na programu nyingine wala si na mtu.

Kwa nini fankisheni moja? Kwa sababu hatua nyingi hushika jedwali ambalo urefu na upana wake vyote hukua pamoja na fankisheni. Chukua uchambuzi wa vigeu vilivyo hai, yaani vile ambavyo thamani yake bado itahitajika mbele. Kila bloku ya msimbo inahitaji seti ya vigeu. Bloku 50,000 na vigeu 200,000, kwa biti moja moja, ni biti bilioni 10, yaani gigabaiti 1.25. Hiyo ni ya mwanzo wa bloku. Ongeza ya mwisho wa bloku, ya vinavyotumika na ya vinavyoandikwa upya: gigabaiti 5, kabla hakujafanyika kazi yoyote. Ugawaji wa rejista kwa kupaka grafu rangi, ule wa Chaitin na wenzake wa IBM, nao una pembetatu yake, nusu ya jedwali lenye biti moja kwa kila jozi ya vigeu: vigeu 100,000 vinadai biti bilioni 5, karibu megabaiti 625. Ndiyo maana kompaila za leo hutumia seti zinazohifadhi vilivyomo tu. Lakini vigeu vingi vikibaki hai kutoka mwanzo wa fankisheni hadi mwisho, seti hizo hujaa na nafuu yote hupotea.

Kwa hiyo naandika skripti fupi inayozalisha fankisheni ya umbo lile lile kwa ukubwa n, kisha 2n, kisha 4n. Kumbukumbu ikipanda mara mbili kila hatua, hakuna ugonjwa. Ikipanda mara nne, ugonjwa upo.

Kujua ni hatua ipi, -ftime-report ya GCC huonyesha kumbukumbu kwa kila hatua, ila safu hiyo huhesabu ile tu inayosimamiwa na mkusanya taka wa GCC, sehemu inayorudisha kumbukumbu isiyotumika tena. Seti nyingi za biti hukaa nje yake, na pia safu inajumlisha kilichoombwa, haisemi kilichokuwa hai wakati wa kilele. Ripoti ikinyamaza ilhali mashine inalia, natumia heaptrack au Massif ya Valgrind, vyombo vya kupima kumbukumbu ya programu, kisha nasoma mfuatano wa miito pale kwenye kilele.

Hata hivyo hatua iliyolipuka si lazima iwe na kosa. Huenda imerithi msimbo uliovimbishwa na hatua ya awali, kwa kukunjua vitanzi au kupachika fankisheni ndani ya nyingine. Kwa -fdump-tree-all, inayoandika msimbo ulivyo baada ya kila hatua, naangalia ukubwa wa faili zinazotoka: pale unaporuka ghafla ndipo uvimbe ulipoanzia. Nikiona noinline moja (alama inayokataza fankisheni kupachikwa) imeshusha kilele, nimempata mhusika. Usisahau kujaribu bila -g (chaguo la kuweka taarifa za kutafutia makosa), maana ufuatiliaji wa vigeu kwa ajili ya kutafutia makosa unaweza kula kuliko uboreshaji wenyewe. Chaguo la -fno-var-tracking-assignments, linalozima ufuatiliaji huo, huonyesha haraka.

Ukitaka kuwaripotia watunza kompaila, kuwa mwangalifu na C-Reduce, programu inayofupisha msimbo huku kosa likibaki. Ni chombo kizuri ajabu, lakini kazi yake ni kupunguza, na hapa ukubwa ndio ugonjwa. Kila kipande kinachokatwa kinapunguza dalili. Wapelekee ile skripti yenye n, pamoja na vilele vya n, 2n na 4n.