"Ni meno tu": maswali ya wazazi kuhusu mtoto wa mwaka mmoja anayeharisha

Mimi ni muuguzi, niko kliniki ya watoto, na kama kuna maneno natamani yafutike kabisa ni haya matatu, "ni meno tu". Mtoto anaharisha siku ya tatu, ni meno. Anachemka usiku kucha, ni meno. Hataki kula, amelegea, macho yameingia ndani, bado ni meno. Najua hakuna mzazi anayesema hivo kwa kutompenda mwanae, amesikia kwa bibi na jirani, na yeye mwenyewe alilelewa hivohivo. Ila karibu wote wanaonifikia wamechelewa walianza kwa maneno hayo. Haya ni maswali wanayoniuliza.

Kuharisha ni nini hasa? Maana wangu anapata choo mara nyingi tu.

Choo cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, au kimekuwa chepesi na cha mara nyingi kuliko kawaida yake. Choo kilichoshikana hata akienda mara nne sio kuharisha, na mtoto anayenyonya kupata choo laini ni kawaida yake.

Kuota meno kunaharisha au hakuharishi?

Hakuharishi. Jino linatoboa fizi, halina habari na utumbo. Linachofanya ni udenda mwingi, fizi kuvimba na kuwasha, mtoto kutafuna kila anachoshika, kulialia, kuamka usiku, na joto kupanda kidogo sana. Kazi ya jino imeishia hapo. Kuharisha sio jino, kutapika sio jino, joto la 38 kwenda juu sio jino, degedege sio jino kabisa.

Mbona wanangu wote wawili waliharisha meno yalipotoka?

Nakuamini kabisa, uliona kwa macho yako. Sasa tuhesabu pamoja. Meno ya utoto ni 20, mengi yanaanza kujitokeza karibu na miezi 6 na yanamalizika mtoto akikaribia miaka 3, kwahiyo kwa zaidi ya miaka miwili karibu kila wakati kuna jino linatoka au linajiandaa kutoka. Chochote kitakachompata mtoto kipindi hicho, mafua, kuhara, sikio, malaria, ukimfungua mdomo utakuta jino jirani. Angeanguka kitandani ungekuta jino pia.

Halafu angalia mtoto wa mwaka mmoja anavyoishi. Ile kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama imeshapungua, yeye sasa anatambaa, anajivuta kusimama, na mdomo ndo mkono wake wa tatu. Kiatu mdomoni, rimoti mdomoni, kipande cha chakula kilichoanguka tangu jana chini ya kochi mdomoni. Fizi zikimuwasha ndo anatia vitu zaidi. Wadudu wa kuharisha wanaingia kwa njia hiyo, na lawama inabebwa na jino.

Na sio sisi tu tuliodanganyika. Uingereza miaka ya 1800 kuota meno kuliandikwa kwenye kumbukumbu rasmi za vifo kama sababu ya watoto kufa, maelfu yao. Wale watoto waliugua vitu vingine na hakuna aliyevitafuta maana jibu lilishapatikana.

Basi nisubiri siku ngapi nione kama litatoka jino aache kuharisha?

Usisubiri hata siku moja. Maji ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa pakiti unaochanganywa na maji, yanaanza choo cha kwanza cha majimaji, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, haijalishi jino limetoka au halijatoka.

Ngoja nieleze kwanini naongea kwa ukali. Mtoto wa mwaka mmoja ana kama kilo 9 au 10. Akipungukiwa na lita moja ya maji mwilini, lita moja tu, ameshapoteza karibu sehemu ya kumi ya uzito wake, na hapo tunaongelea mtoto ambaye anaweza kufa. Choo kimoja cha maji kinaweza kuwa robo kikombe, kingine nusu kikombe, piga mara kumi kwa siku, ongeza anachotapika, ongeza jasho la homa. Mtu mzima akiharisha siku tatu mara nyingi anakonda anapona, huyu hana akiba ya siku tatu.

Nilimpokea mtoto wa miezi kumi na tatu, amebebwa begani amelala, mama mtu ametulia kabisa anasema kaja kuniuliza dawa ya meno ya kumsaidia maana wiki hii magego yanamsumbua. Nikamlaza, nikabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili nikaachia. Kwa mtoto mwenye maji ya kutosha ngozi inarudi papo hapo, huwezi hata kuiona inarudi. Ya yule ilibaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa, moja, mbili, tatu, ndo ikaanza kushuka. Mama aliona nilichokiona, akaanza kulia kabla sijasema neno. Mtoto alikuwa na siku tatu anaharisha, na hizo siku tatu hakupewa ORS hata kijiko. Alitundikiwa maji akapona, namshukuru Mungu. Angekuja kesho yake sijui ningeandika nini hapa.

Ntajuaje kama maji yamempungua?

Mdomo na ulimi mkavu, ule udenda wa kila siku umekata. Analia bila machozi. Macho yameingia ndani. Anagombania kikombe, anakunywa kama mtu aliyetoka jangwani, hana raha, analialia. Hapo yamepungua na unatakiwa uwe njiani kuja. Akishakuwa amelegea, ukimwamsha anafungua macho anafumba, kikombe hakitaki tena au hawezi kumeza, hapo ni hatari kubwa na usikae kumwogesha wala kumtafutia nguo nzuri ya kutokea.

Watu wengi wanaona mtoto "ametulia" wanafurahi eti meno yamemwachia. Jamani mtoto mgonjwa anayenyamaza ghafla hajapona!

Na kuna hili la pampasi. Mzazi ananiambia anakojoa vizuri, pampasi nzito, kumbe uzito wote ni choo cha maji, mkojo haupo tangu asubuhi. Akiharisha mvalishe kitambaa, au weka kipande cha pamba mbele ndani ya pampasi uone mkojo wenyewe. Zikipita saa sita mpaka nane bila mkojo, beba mtoto njoo.

ORS nachanganyaje? Nilimpa nusu pakiti maana ni mdogo.

Hapana hapana hapana. Hili nalo linaniumiza kichwa kila wiki. Pakiti nzima inaingia kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye hiyo pakiti. Nyingi ni lita moja ila zipo za nusu lita na za kiasi kidogo zaidi, kwahiyo soma kwanza. Ukitia pakiti ya lita kwenye kikombe kimoja unampa mtoto chumvi kali inayoweza kumdhuru kuliko kuharisha kwenyewe, na ukiizidishia maji haitamsaidia. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, usiyachemshe tena ukishachanganya. Usiongeze sukari, usichanganye na maziwa wala soda wala juisi. Funika vizuri, na kikibaki baada ya saa 24 mwaga utengeneze kingine.

Kila akiharisha mpe robo mpaka nusu kikombe, polepole, kwa kijiko au kikombe. ORS haikati kuharisha, nasema mapema kwasababu watu wanaonja siku moja wanaona bado anaharisha wanaiacha eti haifanyi kazi. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi zinazotoka. Kuharisha kwenyewe kutaisha kwa siku zake na mtoto atakuwa bado mzima.

Anatapika kila nikimpa.

Unampa kwa haraka mama. Tumbo lililokasirika halipokei kikombe kizima. Akitapika subiri dakika 10, halafu kijiko kimoja, dakika moja au mbili, kijiko kingine. Inachosha, mkono utauma, muombe baba mtu au yeyote aliye nyumbani mpokezane. Kama anatapika hata kijiko, kila kinachoingia kinatoka, hiyo sio ya nyumbani tena.

Nimsimamishe maziwa na chakula tumbo lipumzike?

Tumbo la mtoto halipumziki kwa njaa, linadhoofika. Anyonye zaidi ya kawaida, ale kidogokidogo mara nyingi kile alichozoea. Anachotakiwa kuacha ni soda, juisi na vitu vya sukari nyingi, vinavuta maji kwenda kwenye utumbo kuharisha kunazidi. Akipona mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili arudishe kilo zake.

Duka la dawa walinipa dawa ya kufunga choo na antibayotiki.

Dawa za kufunga choo mtoto mdogo hapewi, chini ya miaka 2 hapewi kabisa. Zinazuia utumbo kusukuma, tumbo linajaa na uchafu unabaki ndani, mtoto anaweza kuzidiwa huku wewe unaona choo kimekata. Antibayotiki nyingi hazina kazi hapa, kuharisha kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi, na virusi haviuliwi na antibayotiki. Kukiwa na damu kwenye choo hapo ni habari nyingine, lakini anayeamua ni aliyempima mtoto. Dawa unayoihitaji pamoja na ORS ni zinki, siku 10 mpaka 14, na unamaliza siku zote hata kama choo kimeshakuwa kizuri siku ya tatu. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko cha maji au cha maziwa ya mama.

Kama anachemka tu bila kuharisha, hayo si ndo ya meno?

Umenipima sasa. Sio. Weka kipimajoto, mkono wa bibi kwenye paji la uso sio kipimo. Kikisoma 38 au zaidi tafuta sababu. Kama anavuta au kusugua sikio inaweza kuwa sikio. Mnaishi penye malaria, apimwe siku hiyohiyo. Anakohoa, mfunue kifua akiwa ametulia uhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa, zikifika 40 au zaidi kwa mtoto wa umri huu, au chini ya mbavu panabonyea kila akivuta hewa, hilo ni pafu. Nimeshaletewa watoto wanahema hivo na fizi zimepakwa dawa.

Paracetamol mpe kwa uzito wake, inashusha joto na kumpunguzia maumivu, ila haitibu kilicholeta joto. Kushuka kwa joto kusikufanye uahirishe safari.

Mama mkwe anasema nikimpeleka hospitali kila jino nitawachosha madaktari.

Msikilize kwa heshima zote, mshukuru, kisha beba mtoto uende. Hatuchoki. Ningependa nikurudishe nyumbani mara kumi na maneno "mtoto yuko sawa" kuliko nikupokee mara moja umechelewa. Njoo haraka akiwa hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, choo kina damu, hakojoi, au macho yameingia ndani. Hata usiku wa manane. Hayo usiyaite meno, hata kama unaliona jino lenyewe limechungulia.

Njiani endelea na kijiko cha ORS kama anameza. Watu wanaiacha nyumbani eti si tunaenda hospitali, na njia ikiwa ya saa mbili ni saa mbili za kukauka.

Sasa na jino likiwa kweli linatoka, hakuna mengine, nimsaidieje?

Nawa mikono umsugue fizi taratibu kwa kidole. Kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi akitafune huku unamwangalia. Jeli za ganzi zenye benzokaini achana nazo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2018 zisitumike kwa watoto chini ya miaka 2 maana zinaweza kufanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Mikufu wanayovishwa watoto eti kusaidia kuota meno inaweza kuwakaba shingo, ivue leo. Fizi isikatwe wala kukwanguliwa na mtu yeyote. Na jino likishatoka lipigwe mswaki asubuhi na usiku, mswaki laini wa mtoto, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele.