Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa Kirumi hakuhitaji kifutio?

Likizo za shule zikifika, majumba mengi ya makumbusho ya Uingereza yenye vitu vya Warumi huwawekea watoto meza yao. Juu yake kuna vibao vyeusi vidogo na vijiti vyenye ncha. Mtoto anaketi na wazazi wake, anaandika jina lake kwenye nta kama walivyoandika watoto wa Roma. Haichukui muda kabla mmoja hajakosea na kuuliza: kifutio kiko wapi?

Anacho mkononi. Ageuze tu kalamu.

Kibao hicho ndicho kilichokuwa daftari la Mrumi. Kilikuwa kipande cha ubao kilichochongwa katikati kikaachiwa kingo, mfano wa sinia, kisha ndani yake ikamiminwa nta ya nyuki, utando mwembamba tu. Kalamu yake, stilus, mara nyingi ilikuwa ya chuma: upande mmoja ncha kali ya kuchorea, upande wa pili bapa kama mwiko mdogo. Ukikosea, unapitisha ule upande bapa, nta inalala, unaandika upya. Mafunjo, yaani karatasi ya wakati ule, yalitoka mbali, Misri, lakini kibao kile kile kilitumika tena na tena.

Nta ilitiwa masizi ili iwe nyeusi. Ncha ilipoikwangua, mti mweupe ulijitokeza chini yake na herufi zikasomeka vizuri.

Lakini ukijaribu mwenyewe utagundua jambo ambalo kitabu hakikwambii: nta haipendi mistari inayokatana. Kila ukivuka mstari uliokwisha kuuchora, nta inajikusanya mbele ya ncha na kuharibu ulichoandika. Ndiyo maana katika mwandiko wao wa kila siku Warumi mara nyingi waliandika E kwa mistari miwili tu iliyosimama: II. Jina kama Neema lingekuwa NIIIIMA. Waambie watoto waandike majina yao hivyo uone watakavyofurahi. Mimi naona hapo ndipo Mrumi anapoacha kuwa sanamu ya marumaru na kuwa mtu mwenye vidole kama vyetu.

Sasa, ikiwa kila kilichoandikwa kilifutwa, tumejuaje walichoandika?

Jibu liko chini ya London. Uchimbaji ulioanza mwaka 2010, kabla ya kujengwa kwa jengo la kampuni ya Bloomberg, ulifukua zaidi ya vibao 400 kwenye matope ya kijito cha kale cha Walbrook. Matope yale yaliyolowa maji hayakupitisha hewa, kwa hiyo mbao hazikuoza. Nta ilikuwa imekwisha kupotea. Hata hivyo, waandishi wengine walikuwa wamekandamiza kalamu mno, ncha ikapenya nta na kuukwaruza mti. Wataalamu walivipiga picha vibao hivyo huku wakivimulika kutoka pande mbalimbali, kisha Roger Tomlin, mjuzi wa maandishi ya Kilatini, akaketi kusoma mikwaruzo.

Kimoja kina tarehe 8 Januari mwaka 57 BK, mji wenyewe ukiwa na umri wa miaka kama kumi. Ni hati ya deni: Tibullus, mtumwa aliyeachwa huru, anakiri kwamba anadaiwa dinari 105 na Gratus, naye pia aliyeachwa huru, kwa bidhaa alizouziwa na kukabidhiwa. Kingine kina alfabeti tu. Huenda ni mazoezi ya mwanafunzi, na kama ndivyo, huo ni ushahidi wa mapema sana wa masomo katika Uingereza. Baadhi ya vibao hivi vinaonyeshwa pale pale vilipopatikana, katika London Mithraeum, makumbusho ya hekalu la Kirumi lililo chini ya jengo hilo, na kuingia ni bure.

Aliye mbali na London anaweza kuifanya kazi hii nyumbani Jumamosi moja. Tafuta kipande cha ubao laini, gundisha vijiti vyembamba kuzunguka kingo. Nunua nta kwa wafuga nyuki. Mishumaa ya dukani haifai, kwa sababu nta yake ni kavu na humeguka ikikwaruzwa. Iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja, maana inawaka. Hiyo ni kazi ya mtu mzima. Changanya na masizi kidogo, mimina utando mwembamba, acha ipoe. Msumari mnene utatosha kuwa kalamu, na mpini wa kijiko utafuta.

Mtoto akishaandika na kufuta mpaka achoke, bandua nta yote. Zima taa, laza tochi ubavuni mwa ubao ili mwanga upite juujuu, kisha mwambie asome. Kama alikandamiza, jina lake liko pale.