Nani anatabasamu, na anatabasamia nini?

Nafundisha saikolojia ya wanunuzi, na zoezi langu la kwanza kwa wanafunzi ni jepesi: zima sauti ya televisheni, usihangaike na bidhaa, fuata nyuso tu. Nani anatabasamu, na anatabasamia nini?

Tangazo la sabuni ya unga. Mama anaanua shati, analipeleka puani, anafumba macho, tabasamu linachanua. Mtoto anakuja mbio, analivaa, anatoka nalo. Mama anabaki mlangoni akimtazama. Linafuata la gari: mwanamume peke yake, barabara tupu, mlima mbele. Hatabasamu hata kidogo, maana raha ya mwanamume, eti, huonekana kwenye taya lililokazwa. (Nani aliliosha gari hilo, hatuambiwi.)

Mwanasosholojia Erving Goffman alichambua matangazo ya picha katika miaka ya 1970, akaiona tofauti hadi kwenye vidole: wanawake wanavipapasa vitu, wanaume wanavishika. Ukishaambiwa hivyo, huwezi tena kuacha kuona.

Uingereza wameweka kanuni, inayotumika tangu tarehe 14 Juni 2019, ya kuzuia fikra mgando za kijinsia zinazoweza kuleta madhara. Agosti mwaka huohuo ASA, chombo kinachosimamia matangazo huko, ikayapiga marufuku mawili ya kwanza. Katika la jibini ya Philadelphia, akina baba wananogewa na chakula hadi watoto wao wachanga wanachukuliwa na mkanda unaozungusha sahani. Katika la Volkswagen, wanaume wanaelea angani na mwanariadha mwenye mguu wa bandia anaruka, kisha tunaonyeshwa mwanamke ameketi kwenye benchi kando ya kigari cha mtoto. Kwangu hilo la pili ndilo zito. La jibini ni utani, na mtu anaweza kuubishia utani; benchi lile linapita kimyakimya.

Marufuku huondoa picha. Ahadi inabaki palepale, kwamba nunua, utafurahi. Waswahili walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na unyemi wenyewe haukai. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu wasioshinda kitu. Washindi hawakuonekana kuwazidi wenzao furaha kwa kiasi cha maana, na mambo madogo kama kupiga soga na rafiki au kusikia kichekesho yaliwapa raha pungufu. Watu 22 ni wachache, nakiri. Lakini Kent Berridge, anayechunguza ubongo, ameonyesha kwamba kutamani kitu na kukifurahia huendeshwa na mifumo tofauti. Tangazo linachochea kutamani. Kufurahia utajitafutia mwenyewe.

Hapo ndipo jinsia inapoingia kwa ubaya. Mama amefua, shati limetakata, na kile kilichokuwa usoni mwa yule wa kwenye tangazo hakisikii moyoni. Sabuni haishuku, kwa kuwa madoa kweli yametoka. Anajishuku yeye: mama gani huyu asiyefurahi watoto wake wakiwa safi? Mwenye gari naye vivyo hivyo, ila yeye hata kulisema hawezi, kwa lile taya.

Muhula uliopita tulilitazama tangazo la sabuni mara tatu bila sauti. Mara ya tatu mwanafunzi wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona hakuna hata mmoja anayemtazama huyo mama?"