Ndoano si ethi

Jumamosi kaletwa mgonjwa mwingine. Trela la boti kutoka Bagamoyo, mwenyewe kashika balbu nne mpya na lawama za kutosha. "Fundi, balbu za siku hizi feki tupu. Nikikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka. Nikipiga indiketa, taa za nyuma zinachezacheza." Nikamuuliza ethi, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye betri, kaipeleka wapi. Akanionyesha ndoano, pale trela linaposhikana na gari. "Si chuma kwa chuma, fundi?"

Huyo ni wa tatu mwezi huu.

Ndoano hiyohiyo unaipaka grisi ili isilike, halafu unataka ipitishe umeme! Ongeza rangi, kutu na chumvi ya bahari. Gari likiwa limetulia uani chuma kinagusana, taa zinawaka, ndiyo maana unaapa kwamba jana zilikuwa nzima. Tuta la kwanza tu, inakata.

Sasa nisikilize. Umeme ukikosa njia ya kurudi haukai ukasubiri. Balbu ya nyuma ya 21/5 ina nyuzi mbili: wati 21 za breki, wati 5 za taa ndogo, na zote zinarudi kupitia kitako kimoja. Kitako kikikosa ethi, moto wa breki unapita kwenye uzi wake, unaingia uzi wa taa ndogo, unarudi kinyumenyume na waya wake mpaka kwenye gari, huko unajitafutia ethi kupitia balbu ndogo za gari lenyewe. Njia nyingine ni indiketa, vilevile. Balbu zinagawana volti 12 zilezile, ndiyo maana zinawaka kama koroboi. Nunua hata katoni nzima, ni yaleyale.

Kupima ni dakika moja: waya mrefu, ncha moja hasi ya betri, nyingine kwenye kitako cha taa ya trela. Taa zikishika adabu, umepata ugonjwa.

Kwenye plagi ya pini 7 ethi ni pini ya 3, waya mweupe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mimi nimekuta mweupe umebeba indiketa, kwa hiyo amini testa kuliko rangi. Na waya huo uwe mnene: breki mbili peke yake zinavuta ampea 3.5, na kila taa inarudi humohumo. Ufikishe kwenye kila taa, usiishie kwenye chasisi. Kwenye trela la boti chasisi nayo italiwa.

Viungo ndivyo vinavyoninyima raha. Ukichomea risasi, waya unakakamaa na mtikisiko unaukata palepale pembeni. Ukibana kwa koleo, maji ya chumvi yanapenya, waya unageuka kijani. Siku hizi nabana, napaka grisi, navika mpira wa kusinyaa kwa moto, na bado siapi.

Huyu wa Jumamosi nilimvutia waya mpya, kisha nikampachikia balbu zake za zamani, alizokuwa keshazitupa nyuma ya kiti. Zote nne zikawaka. Mpya kaondoka nazo, kanuna.