Shinikizo na muhali katika utawala wa kaunti: maana yake

Shinikizo ni nguvu inayomsukuma afisa wa kaunti aamue kinyume cha sheria na bajeti. Si kila dai ni shinikizo. Watu wa Faza, wadi ya visiwani katika Kaunti ya Lamu, wakija kwenye kikao cha bajeti wakitaka zahanati, hayo ni maoni ya umma, na Katiba ya Kenya ya 2010 inayataka. Dai hugeuka shinikizo likipitia simu badala ya kikao, bila kumbukumbu, na atakayelikataa akajua litamgharimu.

Shinikizo la kisiasa hutambulika upesi. Lamu ina wadi 10 tu, kwa hiyo bunge lake ni dogo, na hoja ya kumwondoa gavana hupita humo kwa theluthi mbili ya wajumbe, kisha huenda Seneti. Katika bunge dogo kila mwakilishi wadi ana uzito mkubwa. Ndiyo sababu hoja ya "kila wadi ipate sawa" ni ngumu kupinga. Ina sura ya haki, lakini wadi ya Basuba haina watu wengi kama wadi nyingine, na mfuko wa saruji unaovushwa bahari hadi Faza haugharimu sawa na ule unaoshushwa Mpeketoni, upande wa bara, kwa lori. Fedha zikikatwa vipande 10, mara nyingi huzaa kuta zisizo na paa, au jengo zima lisilo na muuguzi.

La kijamii ni zito zaidi, na sisi watu wa pwani tuna neno lake: muhali, yaani ile haya ya kumkatalia mtu wa karibu. Mkuu wa idara anasali safu moja na mzee anayemwombea kijana kazi. Mkandarasi ni shemeji yake. Hakuna aliyemtisha. Anaona muhali tu kukataa, na muhali hauachi karatasi ambayo mkaguzi ataiona.

Kwenye ajira ndipo mambo yote mawili hukutana. Watu hudai kazi za kaunti ziwe za wenyeji, lakini mwenyeji ni nani? Mbajuni, Muaweer, Muorma na familia zilizopewa mashamba Mpeketoni miaka ya 1970 hawatajibu namna moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Njia ya kuikwepa ni kuchukua vibarua bila tangazo wala kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti, ambayo ndiyo inayoajiri. Baadaye vibarua hao hudai ajira ya kudumu, mishahara huvuka kikomo cha asilimia 35 ya mapato, na kinachopunguzwa ni maji na dawa.

Afisa hajaachwa bila ngao. Ibara ya 236 ya Katiba inakataza kumwadhibu kwa kutekeleza kazi yake, na Ibara ya 226 inamtaka aliyeelekeza au kuidhinisha matumizi haramu alipe hasara, hata akiwa ameshatoka ofisini. Akipigiwa simu, aandike siku hiyohiyo: "Umenielekeza hivi, sheria inasema hivi, naomba uthibitishe kwa maandishi." Maagizo mengi huishia hapo.

Muhali hautibiwi kwa barua. Vigezo vya basari (msaada wa karo) na alama za usaili vibandikwe ofisi ya wadi kabla fomu ya kwanza haijatolewa. Mwenye jamaa katika zabuni aseme hivyo mwanzoni mwa kikao, atoke, na kutoka kwake kuandikwe kwenye kumbukumbu. Mzee akija jioni, afisa awe na karatasi ya kumwonyesha.