“Beringi nzuri ni ile inayozunguka sana”: tunayoamini kuhusu BB ya baiskeli ya resi, na yalivyo kweli

Ingia duka la spea uulize BB ya baiskeli ya resi (bottom bracket: beringi za chini ya fremu zinazobeba ekseli ya krenki, yaani mikono inayoshika pedeli), muuzaji atakuwekea mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ataisukuma kwa kidole, nayo itazunguka mpaka uchoke kuitazama. Ya pili itakwenda nusu duara na kusimama. Wengi wetu tunaondoka na ya kwanza. Miezi michache baadaye tumerudi dukani, krenki inasaga kama imetiwa mchanga.

Naendesha resi za mtumba miaka mingi sasa, na nimefungua BB nyingi, zangu na za wenzangu. Nilichojifunza ni kwamba gololi dhaifu ni nadra kuwa chanzo cha ubovu. BB huuawa na maji na vumbi vilivyopenya kwenye sili (kizibo cha beringi), au na beringi iliyokaa upande ndani ya fremu. Mtu akitaka BB ya kudumu, hela yake aielekeze huko.

Turudi kwenye kaunta. Beringi mpya yenye sili za mpira pande zote mbili, ile iliyoandikwa 2RS, inatakiwa izunguke kwa uzito kidogo mkononi. Uzito huo ni mdomo wa mpira unaogusa chuma, pamoja na grisi iliyomo ndani. Inayoteleza bila kusita mara nyingi ina mafuta mepesi, au ina ngao za chuma zisizogusa kitu (hizo huandikwa ZZ), na vumbi la barabara halihitaji kuomba ruhusa kupita hapo. Kumbuka pia mguu wako unazungusha krenki mara 80 au 90 kwa dakika, wakati mota ya pampu ya maji inaizungusha beringi ya aina hiyo hiyo karibu mara 2,900. Ule uzito unaousikia kwa kidole, mguuni haupo.

Beringi iliyotumika ndiyo inayopimwa kwa kidole. Kiingize kwenye duara la ndani, bonyeza upande mmoja, zungusha polepole sana. Ikienda kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho, ni nzima. Ikikwama kituo kwa kituo, njia ya gololi imeshachimbika, na hakuna grisi itakayoiponya.

“ABEC 7 inadumu kuliko ABEC 3.” ABEC ni kipimo cha Kimarekani chenye ngazi 1, 3, 5, 7 na 9, nacho hupima usahihi wa vipimo vya beringi na unyoofu wa mzunguko wake. Hakisemi chuma ni cha aina gani, sili ikoje, wala ndani mna grisi gani. Ngazi 3 yenye sili nzuri itaizika ngazi 7 yenye sili legevu, tena mapema.

Seramiki nayo ina sifa zisizo zake. Beringi nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni nusu kwa nusu: gololi ni za silikoni naitraidi, lakini njia zinamopita ni za chuma. Gololi hazishiki kutu, ni kweli. Njia zinashika. Mchanga ukishaingia, gololi ngumu namna ile inausaga kwenye chuma laini kuliko yenyewe. Wepesi unaoongezeka ni mdogo sana. Cheni safi na tairi nzuri vitakupa zaidi kwa bei ndogo zaidi. Shimano yenyewe, mtengenezaji wa vifaa vya baiskeli, kwenye Dura-Ace ambayo ndiyo daraja lake la juu kabisa, inatumia BB ya gololi za chuma.

Sasa jambo ambalo naomba wanunuzi wa fremu za kaboni walisome mara mbili: dhana kwamba ekseli nene ndiyo imara. Ekseli ya milimita 30 ya alumini ni nyepesi na ngumu kupinda, hilo silipingi. Tatizo ni nafasi. Fremu ya BB86 (moja ya vipimo vya tundu la BB) ina tundu la milimita 41. Weka ekseli ya Shimano ya milimita 24: kila upande zinabaki milimita 8.5, ambamo beringi yenye unene wa milimita 6 inakaa vizuri na kikombe chake (kinachoishika ndani ya fremu) kinapata mahali. Weka ekseli ya 30 kwenye tundu hilo hilo: zinabaki milimita 5.5 tu, kwa ajili ya kikombe, njia ya nje, gololi na njia ya ndani. Kinachopungua hapo ni gololi. Zinakuwa punje ndogo, zinabeba uzito ule ule wa mwendeshaji aliyesimama juu ya pedeli mlimani, na zinachoka upesi. Ekseli ya 30 inataka tundu kubwa, kama PF30 yenye milimita 46, au T47 iliyotoka mwaka 2015, yenye thredi za milimita 47. Kabla ya kununua krenki, pima tundu la fremu.

Kuhusu BB za kugongelea zisizo na thredi, lawama kwamba zinalia zina ukweli ndani yake, ila mkosaji si beringi. Kikombe kinategemea tundu liwe duara kamili na matundu ya pande mbili yatazamane sawasawa. Tundu likipanuka sehemu ndogo ya milimita, kikombe kinacheza na kulia. Matundu yasipotazamana, beringi inabanwa upande na kufa kabla ya wakati wake. Tundu likiwa sahihi, BB hiyo inakaa kimya miaka. Hata hivyo naelewa kwa nini watengenezaji wamerudi kwenye thredi: Specialized kwa Tarmac SL7 ya mwaka 2020, na Cannondale, walioanzisha BB30 (kipimo kisicho na thredi) wenyewe, kwa SuperSix Evo ya mwaka 2023. Kwa sisi ambao fundi wa karibu ana nyundo na hana presi ya kusukumia beringi, ningechagua fremu ya thredi bila kusita.

Lakini thredi nazo zina mtego wake. Mwenzangu mmoja alipeleka fremu nzuri ya alumini kwa fundi wa mtaani. Kikombe cha kulia kiligoma, fundi akachomeka bomba kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu, akazungusha kinyume cha saa kama nati yoyote. Kilipotoka, kilitoka na thredi za fremu, zimeviringika kama nyuzi za fedha. Nilizishika mkononi na ziliniuma.

Kwenye BB ya Kiingereza, iliyo kwenye resi nyingi, kikombe cha upande wa cheni kina thredi za kushoto: kukifungua unazungusha kufuata saa. Watu hudhani walioibuni walikosea, maana krenki inazunguka kufuata saa na ingepaswa kukaza nati ya kawaida. Shika penseli kwa ngumi iliyolegea, kisha kwa mkono wa pili zungusha ncha yake duara. Penseli inajiviringisha kinyume cha duara lile. Kikombe kinafanya hivyo hivyo: gololi zinapita zikikisukuma mahali baada ya mahali, nacho kinajivuta kinyume cha krenki, kidogo kidogo. Thredi za kushoto zinaugeuza mvuto huo kuwa wa kukaza.

Fremu za Kiitaliano hazina kinga hiyo, thredi zake ni za kulia pande zote mbili, ndiyo maana kikombe chake cha cheni hupenda kulegea. Zitambue kwa upana wa bomba la BB: milimita 70 badala ya 68. Usilazimishe kikombe cha aina moja kwenye fremu ya aina nyingine.

Na kukaza sana hakurefushi maisha. Vikombe vya Shimano vinataka mkazo wa niutoni mita 35 hadi 50, hiyo ni nguvu ya mkono hasa. Ila kile kifuniko kidogo cha plastiki kwenye krenki ya kushoto kinataka 0.7 hadi 1.5 tu, yaani nguvu ya vidole. Kazi yake ni kuondoa mchezo (krenki kulegalega), basi. Anayekikaza kwa nguvu anazibana beringi kutoka pembeni siku nzima.

Kuosha kwa mashine ya presha ni kosa nililolifanya mwenyewe, msimu mzima wa masika, kwenye sehemu ya kuoshea magari. Baiskeli ilikuwa inang’aa. Nilipoinua sili kwa ncha ya wembe, grisi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa na ilitiririka kama uji mwepesi. Maji ya presha yanapita sili yoyote. Tumia ndoo, sabuni na brashi. Mkoa wa pwani, ambako chumvi iko hewani, mimi hufungua BB mara mbili kwa mwaka: nainua sili taratibu, naosha ndani, nakausha kabisa, najaza grisi isiyoyeyushwa na maji. Kiwandani beringi hujazwa sehemu tu kwa sababu ya mashine zinazokwenda kasi. Kwa mwendo wa miguu, jaza zaidi. Angalia pia bomba la kiti. Maji ya mvua hushukia hapo mpaka kwenye BB.

Mwisho, ile sauti ya “tik” kila unapokanyaga. Kabla hujanunua BB, panda mlima ukiwa umesimama. Sauti ikipotea, kagua kiti na bomba lake. Ikibaki, fungua pedeli, zipake grisi kwenye thredi, uzikaze upya. Kaza bolti za gia ya mbele. Kaza ekseli ya gurudumu la nyuma. Ndipo uifungue BB.