Mbuyu wa Mama Ngina na ua la usiku mmoja

Ukipita kwenye vibanda vya picha Mji wa Kale, Mombasa, mbuyu utauona: shina nene jeusi, matawi makavu yamenyooka juu, nyuma yake jua jekundu linazama. Naipenda picha hiyo. Aliyeichora ameona kweli, maana mbuyu hukaa miezi mingi bila jani, na umbo lake unalitambua ukiwa bado kwenye feri ya Likoni. Ila mimi huchorea watu wanaosoma mimea, na hao shina haliwatoshi. Madagaska ina spishi sita za mibuyu, Australia ina yake moja, na yote ina unene huo. Wa kwetu, Adansonia digitata, hujulikana kwa ua: jeupe, linaning'inia kwa kikonyo kirefu. Mchoro wangu usipokuwa na ua hilo, msomaji hana hakika anaangalia mbuyu upi.

Na ua lenyewe halingoji mtu. Tumba hufunguka jua likielekea kuzama, popo huja usiku kunywa asali yake na kubeba chavua, na kesho yake petali zimeshageuka kahawia. Mwaka jana, wakati wa vuli, nilikaa jioni tatu chini ya mbuyu mmoja pale Mama Ngina, bustani ya ufukweni, tochi imefungwa kichwani. Babu mmoja anayeuza mihogo alinijia.

"Masalkheri, mwanangu. Mti mzima uko mbele yako, nawe wachora ua?"

"Masalkheri, babu. Mti kesho nitaukuta. Ua sitalikuta."

Aliniwekea kiti chake.

Kwa hiyo huanza na kinachokufa mapema. Rangi kwanza: vipande vidogo vya rangi ya maji pembeni ya karatasi, vya petali, vya kikonyo, vya upande wa ndani wa sepali, yale maganda yanayofunika tumba. Halafu vipimo kwa bikari, petali moja moja. Umbo huja mwisho, kwa sababu ukishapata vipimo unaweza kulijenga hata saa nane usiku nyumbani. Kazi ngumu ni weupe. Petali nyeupe juu ya karatasi nyeupe haipakwi rangi. Kinachopakwa ni kivuli chake, kijivu chenye ukijani kidogo, na mwanga daima hutoka juu kushoto, kama ilivyo desturi ya kazi hii. Kisha zipo stameni, nyuzi zinazobeba chavua. Ni mamia, zimeungana chini kama bomba halafu zikatawanyika kama brashi ya mviringo. Sizichori zote. Huchora chache za mbele kwa ukamilifu, zile za nyuma nikaziacha ziwe ukungu, ila pale zinapoungana sikosei hata kidogo, kwani hapo ndipo mtaalamu huangalia. Asubuhi hulipasua ua kwa wembe toka juu hadi chini ili ovari, kile kifuko cha mbegu, ionekane.

Watu huniuliza kwa nini nisipige picha kwa simu. Napiga, tena nyingi. Lakini kwenye karatasi yangu tumba, ua lililofunguka, ua lililopasuliwa na buyu lililokomaa miezi kadhaa baadaye vyote vimekaa pamoja. Tawi kama hilo hulikuti mtini, na kamera haiwezi kukupigia.

Wachoraji wa mapambo wana njia yao. Chukua kanga yenye korosho. Umbo lile lililojikunja lina asili ya mbali, India na Uajemi, lakini huku pwani macho yaliona korosho na jina likakaa. Nami hulifurahia kwa sababu ya ziada: katika mkorosho, tunda hasa ni lile korosho linaloning'inia chini. Bibo tunalolifyonza ni kikonyo kilichovimba tu.

Vitabu vya Flora of Tropical East Africa, vinavyoeleza mimea ya Afrika Mashariki, vilivyotoka kati ya 1952 na 2012, vina michoro ya wino mweusi, mingi ikitokana na mimea iliyokaushwa, ambayo rangi yake ilishapotea. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa simba Elsa, alifanya kinyume: alichora maua ya Kenya yangali hai na kwa rangi, akitiwa moyo na mumewe wa wakati huo, mtaalamu wa mimea Peter Bally. Mimi nataka vyote viwili. Ila unyevu wa Mombasa hauna huruma. Msimu wa kusi karatasi hujikunja na rangi hugoma kukauka, kwa hiyo hutia maji kidogo mno.

Limebaki jani. Jina digitata, alilolitoa Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, ni la vidole: jani la mbuyu mkubwa lina vidole vitano hadi saba. Lakini mche hauna vidole. Majani yake ya mwanzo ni mamoja mazima, na ukiupita njiani utadhani mboga. Tunasema hata mbuyu ulianza kama mchicha, na mimi sijauona mchoro unaoweka jani la mche kando ya jani la mti mzima.

Nilinunua mabuyu soko la Kongowea, yale makavu yasiyopikwa kwa sukari na rangi, nikaloweka mbegu kwenye maji moto. Mbili zimeota kwenye kopo barazani. Majani mawili ya mbegu yameshatoka, na katikati yao pana chipukizi la kijani linalojikunjua. Kona ya chini kulia ya karatasi bado ni tupu.